Waya Usio wa Lazima

3 Februari

Mpwa wangu,

Mama yako kanipigia simu jana, hata salamu hakutoa. "Kaka, umemfanya nini mwanangu? Toka juzi nikimpigia ananijibu neno moja moja." Nikamwambia sijamfanya kitu, nimemkagulia kazi tu. Akasema, "Basi kagua taratibu, huyo hukumzaa wewe." Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu. Kule kwenye orodha ya barua pepe tunasomwa na watu elfu, na mkaguzi hana mpwa. Hapa ninaye.

Najua nimekurudishia maelezo uliyoandika ya ile skrini ya kazini kwenu mara tatu. Ngoja nikueleze sababu, maana miaka yote niliyofundisha umeme niliona kwamba mwanafunzi akirudishiwa kazi bila sababu hujifunza chuki peke yake.

Kiini cha mfumo wetu huria wa kompyuta, ile programu mama, hakina macho. Kikiwashwa ndani ya mashine hakijui kama kuna skrini, wala skrini hiyo ina nyaya ngapi. Sisi ndio tunaokiandikia ukurasa wa utambulisho: kifaa ni hiki, kinataka umeme kiasi hiki, waya huu ni wa lazima, ule si wa lazima. Sasa, ukimtambulisha mgeni unasema ni nani, ametoka wapi, ni mtoto wa nani. Husemi kesho ataamka na hasira. Wewe umeandika hivi: "Waya wa kufuta usipounganishwa, skrini itaendelea kuonyesha picha ya mwisho hata programu ikifa." Hiyo ni tabia ya programu, si umbile la kifaa. Iondoe. Na huo waya wa kufuta, ule unaoiamuru skrini iwe nyeusi, usiuite wa lazima. Atatokea mtu ataiweka skrini hiyohiyo kwenye saa ya ukutani, hatauhitaji. Andika "si lazima".

Ukifanya hayo mawili nitaweka neno langu, "Nimekagua", siku hiyohiyo. Na umpigie mama yako, umwambie nimekagua taratibu.

Mjomba wako


11 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nimeifuta. Nimeandika "si lazima". Umeshinda, na Mama ameshaambiwa, kwa hiyo lala salama.

Umeuliza siku nyingi kazini kwangu kukoje. Tuna presi arobaini, mashine za kukunja mabati, kila moja ina kimo cha nyumba ndogo, na kila moja ina skrini yangu usawa wa macho. Skrini ikiwa ya kijani imeandikwa IMESIMAMA, unaweza kuingiza mkono. Ikiwa nyekundu, mkono wako kaa nao. Presi ya mlangoni tunaiita Bi Mkubwa kwa kuwa haipendi kungojeshwa. Anayeiendesha ni Mrefu, ambaye anainama kupita kila mlango na bado ana kovu kwenye paji. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Dada fundi, Bi Mkubwa akikupenda anakuvunja kidole. Akikuchukia anakuvunja kiwiko." Watu wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu kwenye ukumbi ule asiyecheka huonekana mgonjwa.

Msimamizi wetu tunamwita Nyundo. Jumatatu fundi wa kulehemu alichelewa dakika sita. Nyundo hakumuuliza kitu. Alichukua spana iliyokuwa mezani kwangu akampiga nayo mdomoni, kisha akairudisha mahali pake, ikiwa imenyooka vilevile nilivyoiweka. Nilifuta damu kwenye kibodi, nikaendelea na kazi. Ndivyo tunavyoishi.

Jambo moja tu, Mjomba. Ile sentensi sikuitoa kichwani. Niliua programu makusudi, picha ikabaki. Labda nilipima vibaya. Wewe ndiye mwalimu.

Mpwa wako


9 Mei

Mjomba,

Sina salamu leo.

Maelezo yetu yalipochapishwa, mhandisi mkuu aliyasoma, akaona "si lazima". Akaagiza bodi mpya za umeme za skrini, zisizo na ule waya. Nilimwambia tuache kama zilivyo. Akanijibu, "Binti, hapa umeandika wewe mwenyewe, na mkaguzi amekubali." Mwezi wa nne ukaisha tumezifunga kwenye presi zote arobaini.

Jana saa nne asubuhi bati lilikwama ndani ya Bi Mkubwa. Programu ya kuilisha skrini ilikuwa imekufa na presi yenyewe ilikuwa bado inafanya kazi, lakini sisi hatukujua, kwa sababu skrini ilikuwa ya kijani, imeandikwa IMESIMAMA. Mrefu akasema, "Bi Mkubwa amelala, ngoja nimvute shuka." Akaingiza mikono yote miwili.

Ilishuka. Nilisikia mlio wa bati kwanza, ndipo ule mwingine. Ikapanda, na mikono ikapanda nayo, imeshikamana na bati, na yeye akainuliwa mpaka vidole vya miguu. Ikashuka tena. Mara tatu, Mjomba, kabla mtu hajakata umeme. Toka viwiko kwenda chini hakukuwa na kitu ambacho ungekiita mkono. Alikuwa akinitazama mimi. Hakulia. Alisema, "Dada, si ni kijani?" Na ilikuwa kijani. Damu ilikuwa inateleza juu ya lile neno, na neno linaendelea kung'aa.

Nyundo akaja akasema, "Kajitakia, kaingiza mkono mwenyewe." Fundi wa kulehemu ndiye aliyeanza. Alimpiga kwa ukingo wa bati usoni, na watu kumi na watano wakamalizia kwa mateke. Taya lake liliondoka mahali pake kama droo iliyovutwa vibaya. Nilisimama pale. Sikumpiga, na sikusema waache.

Mrefu yuko hai. Rudisha ile sentensi.

Mpwa wako


17 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako niliisoma nimekaa, nikaisoma tena nimesimama. Pole sana. Mpe Mrefu pole zangu, ingawa najua pole haishiki kijiko.

Lakini hapa ndipo mtu anapotakiwa kutumia kichwa, maana hasira hasara. Maelezo yakishachapishwa ni ahadi. Wako watu tusiowajua ambao wamejenga vifaa vyao kwa kuamini kwamba waya ule si wa lazima. Tukigeuka leo tukasema ni wa lazima, mashine zao zitahesabiwa zimekosewa bila wao kufanya kosa. Ndiyo maana kwetu neno "lazima" haliongezwi nyuma ya watu ila kwa ushahidi mzito.

Na ushahidi si uchungu. Ulimwona mtu akiumia na uliiona skrini ya kijani. Hujathibitisha kwamba skrini yenyewe ndiyo iliyoshikilia picha. Yawezekana programu haikuwa imekufa, ilikuwa imekwama, na ndiyo iliyokuwa ikituma picha ile. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho na kubwa kwa maelezo. Chomoa nyaya zote za picha, acha umeme tu, kisha hesabu picha inakaa muda gani. Uniandikie.

Nakupenda, na ndiyo maana sikubembelezi.

Mjomba wako


27 Mei

Mjomba,

Usinicheke mwandiko. Nilijibana mkono kwenye droo, naandika kwa wa kushoto.

Nimefanya ulivyoagiza. Nilichomoa nyaya zote za picha, nikaacha umeme peke yake. Hakuna programu, hakuna kompyuta, hakuna kitu kinachoizungumzisha. Iliandika IMESIMAMA kwa muda wa saa kumi na moja, mpaka nikachoka kuitazama. Ina kumbukumbu yake ndani. Ni umbile lake, Mjomba, si tabia ya programu. Yule mgeni wako ameamka na hasira kwa sababu alizaliwa nayo.

Sasa hapa. Wameleta walinzi, wanasimama katikati ya presi na marungu. Fundi wa kulehemu walimfunga kwenye nguzo ya ukumbi mbele yetu sote wakamchapa kwa kipande cha kebo mpaka shati likaingia mgongoni. Kisha wakatuambia, "Haya, kazini." Tukaenda kazini. Presi ni zilezile, bodi ni zilezile. Ukimwangalia mtu anavyoingiza mkono sasa hivi, utadhani anamlisha mbwa asiyemjua.

Kompyuta yangu wameichukua na jina langu la barua pepe wamelifunga, siwezi tena kutuma kitu kwenye orodha. Nimekuandikia vipimo vyote kwenye karatasi ya pili. Itume wewe kwa jina lako. Mhandisi mkuu hanisikilizi mimi, wala wafanyakazi hawana cha kumwonyesha. Ila maelezo yaliyochapishwa anayaheshimu kama maandiko. Nimewaambia wenzangu marekebisho yanakuja wiki hii, na kwamba siku yakifika hatutagusa mashine.

Harakisha.

Mpwa wako


6 Juni

Mpwa wangu,

Nimepokea. Vipimo ni vizuri, ingawa mwandiko wako unafanana na kuku aliyepita kwenye wino. Nilikufundisha kushika kalamu ukiwa na miaka minne, na leo umeniaibisha.

Kuhusu marekebisho, nipe muda kidogo. Yako mambo ya utaratibu. Huenda nikahitaji skrini ya pili ya kulinganisha, maana kipimo kimoja ni ushuhuda wa mtu mmoja. Haraka haraka haina baraka. Pia nimekuwa na shughuli za nyumbani, nimebadilisha kitasa cha mlango, na mgongo unanisumbua.

Nakuomba kitu kimoja kama mzee wako. Omba likizo, uende kwa mama yako. Usibishane na mtu yeyote. Usiwaambie wenzako lolote zaidi kuhusu jambo hili. Tafadhali.

Mjomba wako


19 Juni

Mjomba,

Babu Mafuta amekufa. Sikuwahi kukuandikia habari zake kwa sababu hakuwa mtu wa habari. Ni mzee aliyekuwa akizipaka presi grisi, mtaratibu, anaongea na mashine kuliko na watu. Jumanne aliingiza kichwa kwenye presi ya ishirini na tisa kutazama feni. Skrini ilikuwa kijani. Walileta turubai la kumfunika, nasi tukaona halina haja ya kuwa kubwa kule juu.

Wiki tatu, Mjomba. Barua yenye vipimo unayo kwa wiki tatu. Kila asubuhi wenzangu waliniuliza, "Dada fundi, mjomba wako vipi?" nami nikajibu, "Mjomba wangu si mtu wa kuchelewa." Baada ya Babu Mafuta hawakuniuliza tena.

Walipombeba nje, wanaume walivamia walinzi. Safari hii haikuwa ngumi. Walikuwa na nondo, na walinzi walikuwa na marungu, na sakafu ilikuwa na grisi, kwa hiyo kila aliyeanguka alikanyagwa. Mlinzi mmoja, kijana mwenye pete, alisukumwa kinyumenyume mpaka mabega yake yakaingia kwenye Bi Mkubwa. Nilikuwa karibu kuliko wote. Nilimtambua. Nilimwangalia muda ambao haukuhitajika kuwa mrefu vile, kisha nikamvuta kwa ukosi. Ikashuka, ikachukua kofia yake. Nataka ujue kwamba nusura nisimvute.

Na nataka ujue kwa nini nilimtambua. Hapakuwa na droo. Mwezi wa tano walinipeleka ofisini, wakaweka karatasi mbele yangu inayosema Mrefu aliona nyekundu akaidharau. Nilikataa kutia sahihi. Yule mwenye pete alinishika kifundo cha mkono akauweka kwenye bawaba ya mlango wa chuma, na mwenzake akaufunga mlango. Walifungua wakaniuliza. Wakafunga tena. Vidole vitatu, na kiganja chote. Daktari anasema cha shahada kitasogea kidogo.

Sikukuambia kwa sababu nilidhani ungeogopa, ukaacha kutuma. Kumbe uliacha bila hata kuambiwa. Mgongo unakusumbua. Kitasa cha mlango. Uliogopa nini wewe, Mjomba?

Mpwa wako


24 Juni

Mpwa wangu,

Nitakujibu ulichouliza.

Barua yako ya vipimo ilikuwa bado njiani alipokuja mtu hapa. Aligonga kwa adabu, akaniita Mwalimu, akakataa maji. Aliniwekea picha mezani. Nilidhani ni kuku aliyechinjwa na mtu asiyejua kuchinja, mpaka nikaona saa niliyokununulia ulipomaliza chuo. Akasema, "Huu ni wa kulia, Mwalimu. Binti bado ana wa kushoto, na ana kichwa. Yale maelezo yabaki kama yalivyo." Akanyanyuka, akanishukuru kwa kumkaribisha.

Barua yako ilipofika siku tatu baadaye, na hadithi ya droo, nikajifanya mjinga. Nilikutania mwandiko ili usijue kwamba najua. Nilikuwa nakulinda, ndivyo nilivyojiambia. Nilikaa na vipimo vyako vilivyo sahihi kabisa nikamlinda mtu mmoja, na kwa mkono huohuo nikamweka Babu Mafuta chini ya presi.

Lakini hilo si la kwanza. Nimerudi kwenye kumbukumbu za orodha, nikasoma ukaguzi wangu wa Februari kama ninavyosoma wa mtu nisiyemjua. Wewe ulikuwa umepima. Mimi sikuwa nimeiona skrini hiyo hata kwa picha. Nilikuwa na kanuni nzuri, nikaipenda mpaka nikaacha kukitazama kifaa. Miaka thelathini nimewaambia vijana, eleza kifaa kilivyo. Wewe ulikieleza, nami nikakukataza, tena kwa mfano wa mgeni, nikauona mfano mtamu.

Barua yako ya Babu Mafuta nilipoimaliza, nilituma marekebisho kabla sijavaa viatu. Waya ni wa lazima. Sentensi imerudi neno kwa neno. Chini yake nimeandika: "Mwandishi aliipima na kuiandika mwanzo. Mimi mkaguzi niliamuru ifutwe bila kupima. Mtu mmoja amekatika mikono na mmoja amekufa." Hakuna aliyebisha habari ya kuvunja ahadi. Walipitisha siku hiyohiyo.

Kisha majibu yakaanza kuja kutoka kwa watu nisiowajua. Mmoja wa kiwanda cha mbao: vidole vinne, mwezi Machi. Mmoja wa winchi za kupandisha mizigo: kreti ilishuka juu ya watu wawili, skrini ikisema imefungwa. Wa tatu hakueleza kitu. Alituma tarehe, na chini yake maneno mawili, kaka yangu.

Yule mtu wa adabu alirudi juzi na mwenzake. Safari hii hawakugonga. Waliponda kompyuta yangu kwa nyundo mpaka vipande vikawa kama chumvi, kisha wakanigeukia mimi. Mbavu mbili, na jicho la kushoto limefunga. Nilipokuwa sakafuni nilitaka kuwaeleza kwamba wamechelewa, maelezo ya kiini huria yakishatoka yanakaa kwenye kompyuta elfu na hawawezi kuzifuata zote kwa nyundo. Nilianza hata kuwaeleza. Mmoja akasema, "Mzee, bado unafundisha?" akanipiga teke la mdomo.

Mama yako anasema kesi ya Mrefu na Babu Mafuta inasikilizwa tarehe nne Julai huko kwenu, na kiwanda kitaleta yale maelezo ya zamani yenye jina langu kuwa ushahidi wao. Nataka kuja. Ukisema nisije, sitakuja, na nitaelewa.

Mjomba wako


30 Juni

Mjomba,

Njoo.

Marekebisho yako tuliyachapa nakala arobaini, tukabandika moja juu ya kila skrini. Walinzi walipokuja kuzibandua walikuta watu wamesimama mbele ya kila presi. Walitupiga kwa zamu toka asubuhi mpaka adhuhuri. Fundi wa kulehemu wamemtoboa jicho. Mimi nimepasuka kichwa, mishono tisa, nimenyolewa upande, Mama akiniona atazimia. Lakini hakuna aliyeondoka, na saa saba mhandisi mkuu alishuka ngazi, akasoma karatasi iliyokuwa kwa Bi Mkubwa mpaka mwisho, akaenda mwenyewe kukata umeme wa ukumbi mzima. Hakutuangalia. Presi zote zimelala, na safari hii zimelala kweli.

Bado nina hasira na wewe. Sitaki nikufiche. Nilipofika pale kwenye picha na saa, ilipungua kidogo, kisha nikamkumbuka Babu Mafuta ikarudi. Utanikuta nayo.

Sasa sikiliza. Basi linaloingia asubuhi watu wa kiwanda wanalisubiri, kwa hiyo panda la mchana, na usishuke kituo kikuu. Shuka kile cha kabla yake, kwenye duka la vioo. Usibebe begi, anayebeba begi hukimbia vibaya. Vaa viatu vya kufunga kamba. Mrefu atakuwa ng'ambo ya barabara na kaka zake wanne. Utamjua, hakuna mwingine mrefu vile. Usimpe mkono, Mjomba. Najua mazoea yako.

Mahakamani utakaa karibu na mjane wa Babu Mafuta. Amekubali uje, lakini kwa masharti yake. Hataki pole, na hataki umweleze mambo ya kiini wala ya nyaya. Anataka usimame mbele ya hakimu, uisome ile sentensi kwa sauti, useme nani aliifuta, halafu unyamaze ili yeye akuulize swali moja.

Swali lenyewe hajaniambia. Nimemwahidi kwamba hutaeleza. Utajibu.

Mpwa wako